Kocha wa Raga wa Makutano
Kila jioni, kabla ya mazoezi ya raga, kocha aliinama uwanjani akiokota mawe na vipande vya chupa, huku vijana wakicheka, “Kocha anapanda maharagwe!”

Siku Mugendi, mmoja wa wachezaji, alipogongwa kichwa mazoezini akaona giza, aliinuka upesi, maana Jumamosi wangecheza Nairobi. “Niko sawa, kocha.”

Mwenyekiti wa klabu akadakia, “Si amesema yuko sawa? Mwache acheze!”

Kocha hakupandisha sauti. “Mzee, mama yake alitukabidhi mtoto mzima. Akifia hapa, tutamjibu nini?” Kisha akapiga magoti vumbini, akaanza kumfungua Mugendi kamba za viatu. Mugendi hakuwahi kuona mtu wa rika la baba yake akimpigia kijana magoti. Akanyoosha mguu wa pili.