Mlango wa Zabuni na Mlango wa Ruzuku

Afisa wa zabuni alikuwa na mkono mwepesi wa kufunika kalamu. Mkandarasi akianza tu kumsifu, kifuniko kinabana, na sifa zinamfia mdomoni. Lakini wakandarasi walimpenda, jamani. Walimwita dada, wakamuulizia hali ya mama yake ambaye hawajawahi kumtia machoni, na aliyemuulizia kwa huruma kuliko wote ni yule ambaye barabara yake ilibomoka kabla ya kuzinduliwa. Huyo alimtazama usoni bila kupepesa macho. Mkuu wa idara alipomwambia achague, abaki kwenye zabuni za serikali au ahamie ofisi ya ruzuku, mumewe alimshauri abaki, maana zabuni ina heshima. Heshima yenyewe ilikuwa kununiwa na shemeji aliyekosa zabuni ya madawati.

Asubuhi moja akaenda kuionja ruzuku. Akaletewa mwenyekiti wa kikundi kilichopewa fedha za kuchimba kisima, ambaye alikuja na picha za viti vipya, turubai na spika. "Hivi ni vya uzinduzi," mwenyekiti alieleza. "Na kisima?" "Kisima kiko njiani, mama," akajibu, kisha akainama na kuanza kukunjakunja pindo la shati lake. Mchana huohuo afisa akamwambia mkuu kwamba amechagua ruzuku. "Unajisumbua," mkuu alisema. "Hata huko watu wanadanganya." "Wanadanganya," alikubali, "lakini huko bado wanaona haya."