Subilaga alitupa toka mbali, mimi nikamnyima pasi

Wakuu, nawasalimu. Wengi wenu mngeniamkia, kwa hiyo marahaba kabisa.

Naona mnavyobishana humu juu ya mpira wa kikapu, huyu three, kutupa toka mbali kwa pointi tatu, yule mid-range, kutupa toka katikati, na pasi. Mimi shule niliishia darasa la pili na naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ila mpira huo niliucheza, na nitasema kweli tupu, hata panaponiaibisha.

Ni miaka ya hamsini, Mlandege, Iringa. Tulikuwa darasa la kushona, mwalimu wetu Bi Agnesi. Alisimamisha mlingoti uani, akafunga pete ya chuma, akatufundisha kikapu.

Three haikuwepo. Utupe toka mbali, utupe chini ya pete, ni mbili tu.

Tulikuwa watano: Rehema, Paulina, Zaituni, Subilaga, na mimi Mwanahamisi, nahodha.

Subilaga alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, anakaa kwa mjomba wake fundi baiskeli. Tulijua ameshachumbiwa kwao, ng'ombe wameshatolewa. Hatua tano toka kwenye pete ndipo palikuwa pake. Paulina kwangu, mimi kwa Subi, anasimama, anatupa. Hakosi. Mid-range yenu ndiyo hiyo.

Tukaalikwa Mbeya. Tulienda na lori la mahindi, tukafika weupe kwa vumbi kama tumepakwa unga. (Zaituni alitapika toka Nyololo mpaka Rujewa, Mungu amrehemu.)

Kipindi cha kwanza tuliwafunga vizuri.

Wakati wa mapumziko akaja mzee mmoja. Wenyeji wakamwekea kigoda pembeni ya mlingoti, upande tuliokuwa tunaenda kufungia. Sikumtilia maanani.

Tuliporudi, Subi akabaki katikati ya uwanja. Khanga tulizifunga kiunoni, yeye akaifungua yake akajitanda kichwani. Akipata mpira anatupa kutoka kule kule. Alifunga mara mbili, watu wakashangilia. Halafu akakosa, akakosa tena.

Nikamfuata. "Subi, makofi yamekulevya? Sogea pako."

"Dada, nitupie hapa hapa."

"Hapa unamfungia nani, kunguru?"

"Dada, pale..."

"Pale pana nini? Sogea."

Akainamisha kichwa. Hakusogea.

Nikawaambia wenzangu asipewe pasi. Baadaye nikamwomba Bi Agnesi amtoe kabisa. Tukacheza wanne, tukafungwa kwa kikapu kimoja.

Kwenye lori hakuna aliyemsemesha. Nyololo tulishuka kunywa chai, yeye akabaki juu ya magunia na khanga yake kichwani. Nilimwona. Nilikunywa chai yangu.

Hakuja tena uani. Haukupita mwezi mjomba wake akampeleka kwao kuolewa. Sikwenda kumuaga.

Miezi kadhaa baadaye Tumpe, mchezaji mmoja mrefu wa timu ya Mbeya, akaja Iringa kumtembelea dada yake. Akaniuliza, "Yule mkwe wa Mzee Ambakisye mlimtoa kwa nini?"

Nikamwuliza mkwe gani.

"Mzee wa kwenye kigoda. Ndiye baba wa mchumba wake. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe wala hamtazami. Mzee mwenyewe hakumjua, macho yake mabovu, ndiyo maana aliwekwa karibu vile. Wewe dada, mwenzio angesogeaje?"



Wakuu, mila ilimtaka aondoke pale uwanjani. Yeye alibaki kwa ajili yetu, akacheza kutoka mahali pekee alipoweza kusimama. Na mimi nilimkata neno likiwa mdomoni.

Kigoda tu. Ningemwacha amalize kusema, Bi Agnesi angewaomba wenyeji wakisogeze hatua kumi.

Team play mnayoisifu humu, kucheza kwa ushirikiano, mimi niliijua ya mikono. Ya masikio sikuijua. Siku hizi mjukuu akiwasha mechi, nikiona mtu anatupa toka mbali wengine wanamtukana, mimi namtafuta aliyekaa chini ya pete.

Haya, karibuni mseme, hata kunilaumu. Na kama kuna wa Rungwe humu ambaye bibi yake ni Subilaga, aliyewahi kukaa Iringa kwa mjomba fundi baiskeli, mwulizeni kama yu hai. Mwambieni Mwanahamisi anauliza: pale palikuwa na nini? Safari hii nasikiliza mpaka mwisho.