Picha Aliyoiagiza Mzee Nzivo

Mzee Nzivo alitaka picha ya mazishi yake, na aliitaka kabla ya kurudi kwao kijijini Wamunyu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ametoka kumzika mchongaji mwenzake wa soko la Gikomba, Nairobi, na picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa hadi marehemu akafanana na mtu anayetafutwa na polisi.

"Mimi sitaki hivyo, Mama," alimwambia binti yake Nzisa, ambaye mzee humwita Mama kwa kuwa alirithi jina la nyanya yake. "Nipige na ile kamera yako ya filamu. Picha za simu huenda na simu."

Nzisa ni karani katika ghala moja la Baba Dogo, na ni mtu asiyetulia. Akikaa, goti linacheza. Chai yake hupoa, akaipasha moto, ikapoa tena, akaimwaga. Vitu viwili tu humkalisha chini: kusafisha filamu zake mwenyewe, na riwaya moja nene aliyoinunua Gikomba kutoka kwa muuza makoti ya mitumba. Riwaya hiyo haina sura. Sauti tatu hupokezana katikati ya sentensi, na msomaji huachwa ajitafutie ni nani anayesema. Alikuwa ameianza na kuiacha mara nyingi.

Mambo hayo mawili aliyafunga pamoja. Dawa inayotoa picha kwenye filamu inataka muda wake kamili, na kopo lenye filamu lazima ligeuzwe mara kwa mara. Simu ya kwanza aliyopimia muda ilimponyoka ikazama kwenye dawa. Tangu hapo simu hubaki sebuleni, naye huingia bafuni na kitabu. Filamu ikishafungiwa ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, huwasha taa akasoma. Ukurasa ukiisha, anageuza kopo. Zikiisha kurasa nne, anamwaga dawa. Ukurasa wa kitabu kile haukuwahi kumalizika upesi, na filamu zilitoka safi.

Jumamosi alimpiga baba yake picha kwenye roshani ya nyumba anayokaa na rafiki yake Millicent, huko Donholm. Mzee alivaa shati jeupe, akakodoa macho. Filamu nzima ilikuwa yeye. Kisha Nzisa akajifungia bafuni.

"Wewe, mimi nitaoga wapi leo?" Millicent aligonga. "Kwenye sufuria?"

"Ngoja kidogo."

"Kidogo chako nakijua!"

Nzisa alifungua riwaya. Katikati ya ukurasa wa kwanza akashtuka: zile sauti tatu zilikuwa za mwanamke mmoja, akijibishana na nafsi yake. Hapo hapo kila kitu kikanyooka. Sentensi zilizomsumbua kwa miezi zikawa zinateremka zenyewe. Aligeuza ukurasa, akageuza kopo, akageuza tena, na kurasa zilipotimia nne akamwaga dawa.

Alipoivuta filamu baada ya kuiosha, ilikuwa karibu tupu kama kioo.

Baba yake aliinyanyua mbele ya dirisha la sebule. "Niko wapi?"

"Hapo, Baba. Hiyo alama ndiyo shati."

"Na kichwa?"

Nzisa alisogeza kidole juu ya filamu, akakiondoa.

"Kwa hiyo mtazika shati," alisema Mzee Nzivo.

Millicent alicheka, kisha akaomba msamaha, kisha akacheka tena. Nzisa ilibidi aeleze habari ya kurasa, na jinsi leo zilivyokwisha kabla dawa haijafanya kazi yake.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" mzee aliuliza.

"Sijui, Baba. Kitabu kilinifungukia." Alikuwa amesimama, amekaa, amesimama tena. "Nikupige kwa simu, angalau usiondoke bure?"

"Nimeshakataa simu. Kesho sisafiri."

Jumapili, baada ya kanisa, mzee alikaa tena kwenye roshani na shati lile lile. Nzisa aliinua kamera, akaishusha, akaiinua tena. Jana alihangaika na mwanga tu. Leo, kila alipolenga uso ule, aliuona uko mbele ya jeneza.

"Kaza moyo," mzee alimwambia. "Sina haraka ya kuitumia."

Safari hii kitabu kilibaki chumbani. Mzee Nzivo aliweka kigoda nje ya mlango wa bafu, akavua saa yake ya mkono, akaishika karibu na macho. Millicent alisimama nyuma yake, taulo begani.

"Geuza," mzee aliamuru.

Nzisa aligeuza kopo. Bila cha kusoma, bafu lilikuwa dogo mno. Alihesabu vigae, akaacha.

"Imefika, Baba?"

"Bado. Geuza."

"Na sasa?"

"Mama, anayetengenezewa picha ya mazishi ni mimi, na nimetulia."

Nzisa alishika mfuniko wa kopo kwa mikono miwili, akasubiri aambiwe amwage.