Majani ya Chai Sandukuni

Majani yangu ya chai, haya ya vifuko, hukaa chumbani, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndani ya sanduku la vitenge. Yamekaa hapo tangu nilipojenga nyumba hii ya Kasense kwa ulezi niliolima mwenyewe, na yatakaa hapo hapo. Naanza na hilo kwa sababu wanangu walitaka kunihamisha kisa hilo kopo.

Aliyelianzisha ni binti yangu. Alikuja kunijulia hali na boksi jipya la chai, akatafuta la zamani jikoni, akalikosa. Nikamwambia lipo sandukuni, na nguo. Boksi lake akaliacha jikoni, wazi, akaenda moja kwa moja Milanzi kwa kaka yake kumweleza kwamba mama ameanza kupotewa na akili.

Jumapili baada ya misa wakaja wote wawili na nyuso za msibani. Wakaniamkia, wakakaa. Mwanangu akazunguka weee, mara baridi ya huku, mara magoti yangu, mpaka akafika alikokuwa anakwenda: nifunge virago nikaishi kwake, nyumba hii ipangishwe.

Nikamuuliza, "Akili imenipotea lini, baba?"

"Mama, chai inakaa jikoni. Kila mtu anajua."

Jikoni kwangu napikia kuni. Juu ya moto kuna uchaga, na uchagani nimelaza samaki, migebuka wakavu wa kutoka Kasanga. Vitunguu vinaning'inia pembeni. Asubuhi za baridi ukungu unaingia mpaka chumvi inatoa maji. Kile kifuko ni karatasi tu, kinanywa kila harufu kinayokutana nayo. Chumbani ni pakavu, moshi haufiki, na sanduku lile silitii sabuni wala dawa ya nondo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini pua ninayo.

Sikuwaeleza hata moja. Nilichemsha maji, nikaenda uchagani, nikachukua boksi la binti pale pale alipoliacha, kando ya samaki, nikawatilia.

Mwanangu akapiga funda, akabaki nalo mdomoni. Binti akanusa kikombe, akamtazama kaka yake, akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Kaka, huu si mchuzi?"

Kaka mtu hakucheka. Alimeza, akasema hata hivyo nifikirie.

"Nimeshafikiri," nikamwambia. "Nyumba hii nitatoka nimebebwa. Kama una haraka, kasubirie kwako."

Binti siku hizi akija huenda sandukuni mwenyewe, na kopo hulifunga vizuri. Mwanangu bado hajanyoosha mikono. Na lile boksi sijalitupa, lipo uchagani. Anayekuja kunisalimia namtilia ya sandukuni. Anayekuja kunihamisha anakunywa ile.