Baba Alikataa Kumfunga Mkwewe

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa saba tulimzika baba. Wiki iliyofuata, nikikunja nguo zake, harufu ya mashudu ya alizeti ikanipanda puani kutoka kwenye shati lake la kazini. Nililikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Sitawadanganya kwamba nililia. Nilikasirika, kama nilivyomkasirikia nikiwa na miaka kumi.

Baba alikuwa akikamua alizeti kwenye mashine, pale Unyambwa. Jioni alirudi mikono inang'aa mafuta, akaoga, kisha akawasha gemu ya mpira kwenye televisheni. Ilikuwa gemu ya kitoto tu, wachezaji wana vichwa vikubwa kama maboga. "Ngoja nipumzishe akili," alisema. Mtaa mzima hapakuwa na wa kumfunga, nami nilihakikisha shule nzima inajua.

Mwaka huo mvua ilibomoa nyumba ya bibi, mama yake mama, huko Kinyangiri. Akaja kukaa kwetu, na taabu yangu ikaanza. Kwetu sisi, mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Baba akikohoa uani, bibi anaingia chumbani na kushusha pazia. Bibi akitaka kwenda chooni, baba anageukia ukuta. Nyumba yenyewe vyumba viwili na sebule! Kutwa nzima nilikuwa natangulia mbele kutangaza nani anapita.

Kosa nililifanya mwenyewe: mchana nilimfundisha bibi ile gemu. Akanogewa, na jioni akakataa kuiacha. Basi waya wa pedi yake ya kuchezea ukapitishwa chini ya pazia, akawa anachungulia televisheni kwenye upenyo. Baba akakaa kwenye kigoda pembeni ya mlango, asipoonekana. Kati yao palikuwa na hatua mbili, lakini maneno yote yalipita kwangu.

"Mwambie baba yako aanze."

"Baba, anasema uanze."

"Mwambie mama nashukuru."

"Nimemsikia," alisema bibi. "Mwambie nimemsikia."

Na baba akafungwa. Saba bila. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mshambuliaji wake alifika golini, akasimama, akarudi nyuma kama mtu aliyesahau jembe nyumbani. Rafiki yangu Rehema alishuhudia, akacheka mpaka akakaa chini. Shuleni akatangaza, "Baba yake Neema anafungwa na bibi asiye na meno!" Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

"Baba, cheza kweli," nilimsihi.

"Mkwe hafungwi."

"Lakini ni gemu!"

"Ni mkwe."

Siku ya tano nilichoka, nikamwambia bibi kwamba anaachiwa. Nilidhani atafurahi kwa kuheshimiwa hivyo. Jioni ile mchezo ulipoanza, aliiweka pedi chini.

"Mwambie baba yako, mpaka juzi nilikuwa nalima mtama wangu mwenyewe. Sasa kila mtu ananishika kama yai. Kama naye anacheza nami kama mgonjwa, kesho narudi Kinyangiri, nikalale kwenye kifusi changu."

Sikurudia hata neno moja. Baba alikuwa ameshasikia.

Siku hizo nilimwona baba mwoga, na bibi mkorofi. Mimi sikusoma sana, na mambo mengine niliyaelewa nilipoolewa nikapata wakwe wangu. Baba hakuwa na nyumba ya kumjengea mkwewe. Alikuwa na heshima, akampa yote. Na bibi, aliyepoteza nyumba na shamba kwa mvua moja, hakutaka tena kupewa. Alitaka kushindana na mtu. Mimi katikati yao nilichotaka ni Rehema anyamaze.

Bibi akaiokota pedi. Baba akafunga la kwanza. "Samahani, mama," akasema, kichwa ameinamisha, bila kupitia kwangu. La pili, samahani, mama. La tatu, samahani, mama. La nne lilipoingia, bibi aliupiga ukuta kwa kiganja, akacheka hadi akakohoa.

"Mwizi mkubwa wewe!" alimjibu mwenyewe, naye bila kupitia kwangu.

Baba akaweka pedi chini, akatoka mbio, akasimama uani mpaka ugali ukapoa.