Muhula Niliokaa Ndani

Wiki nzima kabla ya usaili sikutulia. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikapanda kilimani kuwaangalia mbuzi ambao tayari walikuwa na mtu wa kuwaangalia, nikashuka, nikafungua vitabu, nikavifunga. Mama akaniambia, "Wewe, hata kuku wanakukimbia. Kaa chini." Sikukaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwetu Kansay, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kamati ya ufadhili ilikuwa inakuja Karatu kumchagua kijana mmoja, mmoja tu, wa kusomeshwa bure chuo cha kilimo kwa sifa ya alama zake. Bila ufadhili huo hakuna chuo. Baba alikuwa na shamba la mahindi na maharage, na watoto wengi, na huko ndiko kila mazungumzo ya ada yalikoishia.

Sasa, alama zangu. Kidato cha kwanza na cha pili niliongoza darasa. Cha nne, hesabu na biolojia nilizipasua. Lakini hapo katikati, kidato cha tatu, palikuwa na muhula mzima mtupu, na muhula uliofuata niliburuta mkia. Mtu akizipanga alama hizo mbele yake angedhani ni za wanafunzi wawili, mmoja ana akili na mwingine mvivu wa kutupwa.

Sikuwa mvivu. Likizo ile, mke wa kaka yangu, aliyeishi nasi, alifiwa na mtoto mchanga. Kwa desturi yetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo hujitenga na watu mpaka wazee waje kuitoa. Kujitenga huko tunakuita metimani. Hampeani mikono na mtu, hamwendi kuomba moto kwa jirani, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa wengine, hata njia ya kwenda kuchota maji mnakuwa na yenu. Ukivunja, kifo kinahamia kwa yule uliyemgusa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini Jumapili zote hizo alikaa nyumbani, na mchungaji hakuuliza, maana naye alizaliwa hukohuko.

Shule ilipofunguliwa nilijitwika sanduku langu la bati alfajiri, nikaenda barabarani kungoja lori. Mama alinifuata mbio, akalishika sanduku kwa mikono miwili.

"Unataka kuwapelekea watoto wa watu kifo bwenini? Ulale nao, ule nao?"

"Mama, hayo mambo ya zamani. Mimi nasoma biolojia."

"Haya, biolojia yako ndiyo itakayowazika?"

Akaligeuza sanduku kuelekea nyumbani. Lori lilipita, wenzangu wakanipungia mkono kutoka juu, na mimi sikuruhusiwa hata kusogea karibu nao. Siku ile nilimchukia mama. Wazee walipokuja kututoa muhula ulikuwa umekwisha, na chuki ile haikwisha. Kila nilipoitazama ripoti yangu ilinipanda upya.

Mwalimu mkuu alinipa ushauri: nikiulizwa, niseme malaria. "Hao ni watu wa mjini," alisema. "Malaria wanaielewa."

Siku yenyewe nilivaa gauni nililolifua kwa magadi, kwa kuwa sabuni ilikuwa imeadimika, nikadandia lori la mahindi mpaka Karatu. Tuliitwa mmojammoja katika darasa la shule ya msingi. Ndani kulikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, mzee wa Dar es Salaam mwenye miwani. Mama mmoja mnene, mpole. Na afisa kijana ambaye matamshi yake tu yalinitosha kujua kwamba ni wa milima yetu. Huyo alinipa mkono na kunisogezea kikombe cha chai.

"Binti," mwenyekiti alisema, "muhula huu wa kidato cha tatu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa malaria, mzee."

"Muhula mzima? Pole, mwanangu," yule mama alisema kwa huruma ya kweli. "Ulilazwa hospitali gani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo. Hasira zikanipanda, kwa mwalimu mkuu na malaria yake, kwa mama na sanduku, kwa huruma ya huyu mama ambayo sikuistahili.

"Sikuumwa," nilisema. Nikawaeleza yote.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mwanafunzi wa sayansi anakaa ndani kwa ajili ya hayo?"

Nilisikia kiti cha afisa kijana kikiburuzwa nyuma kidogo. Kisha akaniuliza kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, kama wazee walikwisha kututoa. Nikamjibu kwamba zamani sana. Kiti kikarudi. Nusura nicheke.

"Alama zako za mwisho nazipenda," mwenyekiti aliendelea. "Kinachonisumbua ni hili pengo. Nafasi ni moja. Tukikupa, halafu kwenu kukatokea tena msiba wa namna hiyo, utaacha chuo ukakae ndani?"

"Hapana, mzee. Sitakaa."

"Hata mama yako akikuita?"

"Hata akiniita."

Nafasi ile niliipata, lakini majibu yalikuja baada ya mavuno. Siku hiyo sikujua lolote. Nilitembea kutoka barabarani mpaka nyumbani kwa haraka, nikiwa na jibu langu mdomoni, nikitaka nimwambie mama neno kwa neno. Nilitaka limuume.

Nilimkuta uani akipepeta maharage. Akauliza walitaka kujua nini. Nikamwambia swali, nikamwambia na jibu, sikupunguza kitu. Aliendelea kupepeta. Akapuliza makapi pembeni, akaokota kijiwe, akakitupa.

"Umejibu vizuri," alisema, bila kuinua uso. "Mimi nami siku zile za metimani ningekuwa na pa kwenda, nisingekaa."