Kona Iliyoliwa

Siku chuo kikuu kilipopokea karatasi za baba yangu, walitundika hema mbele ya maktaba, wakapanga viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na kijana mmoja akashika kipaza sauti akataja jina la marehemu. Alilitaja lote, la kwanza hadi la mwisho, akalirudia tena na tena kama anayeita wagonjwa kwenye foleni ya hospitali. Mama alikuwa ameketishwa mstari wa mbele. Aliinuka, akajifunga shuka yake vizuri, akatoka akaenda kusimama kule magari yalikoegeshwa. Watu walidhani anatafuta choo, na msichana mmoja wa kupokea wageni akamkimbilia kumwonyesha.

Kwa mama yangu, aliyekufa hatajwi jina. Sisemi ni Wamaasai wote. Siku hizi wako wanaotaja, hata makanisani, na hakuna anayedhurika. Lakini mama hajawahi. Tangu tumzike baba, yeye ni "mwenye nyumba", na ukiteleza ukalitaja jina lake, mama hukutazama kama umemwaga maziwa. Kaka yangu anayajua haya vizuri kama ninavyoyajua mimi. Yeye ndiye aliyewapa chuo jina lile, akawahimiza waliandike pia juu ya mlango wa chumba cha karatasi hizo. Anataka kugombea udiwani, na jina la baba ndilo jina lake la mwisho.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Bisil, na hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Barua za wazazi, mahubiri yake ya Jumapili, nyimbo alizozipata kwa wazee, kisima gani kilikauka wakati gani na ng'ombe wakahamishiwa wapi, vyote alivitia kwenye sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda. Alikuwa akituambia kwamba iko siku watu watataka kusoma. Tulikuwa tukimcheka, naye akicheka nasi, kisha anaendelea kuandika.

Kaka alilibeba lile sanduku siku mama alipokwenda Kajiado mjini kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Asiyekuwepo na lake halipo. Kutoa ni moyo, wanasema, na wa kaka yangu ni moyo mkubwa kweli, hasa akitoa vya wenzake.

Jioni hiyo mama alinipigia simu. Mimi niko Kitengela, nauza dawa za mifugo, na wakati huo nilikuwa namweleza mteja jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe. Nilijiandaa kusikia malalamiko kuhusu karatasi. Mama hakuzigusia. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ile picha ya mtoto, nayo wamebeba?"

Kuhusu mtoto huyo nilijua kidogo sana. Nilijua, kama mtu anavyojua mambo ya kwao bila kuketishwa na kuambiwa, kwamba kabla ya kaka yangu alizaliwa msichana, akafa kwa surua. Jina lake sikuwahi kulisikia, na kwamba kuna picha yake sikujua. Mama akanieleza kwamba baba aliwapeleka studio pale Kajiado mtoto alipoweza kuketi bila kushikwa, na kwamba picha ilikaa chini kabisa ya sanduku, imefungwa ndani ya kitambaa. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuitoa atuonyeshe.

"Ya kutoa ni ya nini? Nilikuwa najua iko."

Basi, baada ya ile sherehe ya hema, nikampeleka maktaba ya chuo aichukue. Mlangoni mwa kile chumba tuliambiwa tuache mkoba, chupa ya chai, fimbo yake na kalamu zote, maana mle ndani wino hauruhusiwi. Mama, ambaye hakusoma, akakabidhiwa penseli. Aliishika muda wote kama mshumaa.

Msimamizi wa zile nyaraka alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na sitamsingizia ubaya. Alimwita mama "shosho", kama wanavyowaita bibi zao huko kwao Kiambu, akamvutia kiti. Kisha akakaa mbele ya kompyuta na kuuliza mtoto anaitwa nani ili amtafute. Mama akaangalia meza. Nikaulizwa mimi, nikasema sijui. Yule mwanamke alitutazama kwa zamu, mama asiyetaka kumtaja mwanawe na dada asiyejua jina la dada yake, na nadhani alianza kutushuku. Nikajaribu kumweleza desturi yetu. Nilipokuwa nikieleza nilisikia hasira ikipanda, kwa sababu ziko desturi ambazo ukishaanza kuzieleza kwa mtu mwenye haraka zinageuka kichekesho.

Mwishowe alituletea maboksi ya picha, tutafute kwa macho. Kila picha ilikuwa na bahasha yake, na juu ya bahasha maelezo. Tulipita walimu waliopanga mstari, ubatizo, ng'ombe kwenye josho, hadi mama akanyoosha mkono. Akaambiwa asiguse bila glavu. Palikuwa na mtoto mnono kwenye kiti cha studio, amevalishwa saa ya baba, imempanda hadi kwenye kiwiko. Kona moja ya picha ilikuwa imetafunwa. Nikamsomea mama kilichoandikwa kwenye bahasha, kwamba huyu ni mtoto asiyejulikana, na kwamba kona moja imeliwa na panya.

"Si panya," mama alisema. "Ni yeye. Alikuwa anaota meno."

Nikaomba turudi nayo nyumbani. Yule msimamizi akatuonyesha sahihi ya kaka yangu. Alikuwa ametoa vyote vilivyomo sandukuni, bila kubagua. Hata hivyo yule mwanamke alituonea huruma akaenda kuuliza kwa mkubwa wake. Aliporudi alisema huenda ikawezekana, kama picha ni ya familia na si ya kazi za mwalimu, lakini kwanza ni lazima mtoto ajulikane. Hawawezi kumrudishia mtu picha ya asiyejulikana.

Nilimtafsiria mama kwa Kimaasai, neno kwa neno, nisije nikamfichia kitu. Kisha akainama, akaiambia ile picha jina lake.

Hivyo ndivyo nilivyolijua jina la dada yangu.

"Rudia, shosho, polepole, niandike vizuri," yule mwanamke akasema.

Mama akarudia. Akaombwa alikate vipande vipande, akalikata. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza kwa nguvu. Nilitamani kumnyang'anya yule mwanamke kibodi yake, lakini tuliitaka ile picha.

Jibu lilikuja mvua zilipokwisha. Walimshukuru mama sana. Walisema kwa kuwa sasa mtoto amejulikana, picha imekuwa na maana zaidi, inaonyesha maisha ya nyumbani ya mwalimu, na haifai kutenganishwa na karatasi nyingine. Badala yake walituma nakala kubwa ndani ya fremu. Kaka aliileta mwenyewe, akaja na mtu wa kumpiga picha akimkabidhi mama. Alimwambia hii ni nzuri kuliko ile kuukuu, tena mafundi wa kompyuta wameirekebisha kona.

Mama alipitisha kidole pale konani. Kioo kilikuwa laini na chini yake kona ilikuwa nzima, kama vile hakuna mtoto aliyewahi kuitia mdomoni.

"Hii si yake," alisema, akamrudishia. Kaka ameitundika sebuleni kwake.

Mimi nikienda Nairobi kuchukua dawa za duka hupitia pale maktaba. Naacha mkoba, napokea penseli, naomba lile boksi. Ndani yake kuna kadi ambayo kila msomaji huitia sahihi, na mpaka leo sahihi zote ni zangu. Kwenye bahasha jina la dada yangu limeandikwa bila kosa hata moja. Chini yake bado wameandika kwamba kona imeliwa na panya. Nilimwomba msimamizi afute, akaniambia kwa upole kwamba mambo ya uharibifu yanaandikwa na idara nyingine.

Nilikwenda nyumbani kumweleza mama hilo. Kabla sijafungua mdomo, alinimiminia chai akauliza kama huko maktaba bado wanawataja, mtoto na mwenye nyumba.

"Hapana, yeyo," nilimwambia mama. "Hakuna mtu anafungua hayo maboksi. Ni mimi peke yangu."

Nilimwona mabega yakimshuka. Alisema basi ni heri, Mungu ni mwema, wamewaacha wapumzike. Nikamkumbuka baba na ile siku yake ya watu kutaka kusoma. Habari ya panya sikuitoa tena. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha.